Yangeyange Arobaini na Moja

Dada yangu alikuwa na ugomvi usioisha na watu wanaopiga vistari. Naanzia hapo kwa sababu ukimjua Dada kwenye vistari, umemjua kote.

Mradi wa kitaifa wa kuhesabu ndege una fomu moja ndefu, majina ya ndege kushoto, visanduku kulia. Mjitolea anakwenda kituoni kwake, anasimama saa nzima, anaandika alichokiona. Ndege ambaye hakuweza kumwangalia, labda mvua ilimkimbiza au ukungu ulifunika, anampigia kistari. Ndege aliyemtafuta kweli na hakumkuta, anamwandikia sifuri. Ni hayo tu. Lakini watu hawapendi sifuri, jamani. Fomu ikijaa sifuri mtu anahisi ataonekana alikwenda kupunga upepo, kwa hiyo anateleza na kistari. Dada alikuwa hataki hata kusikia. Kwenye mkutano wa mwaka alimsimamisha mwalimu mzima wa sekondari mbele za watu, akamuuliza, "Wewe uliangalia, au hukuangalia?" Mwalimu akajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Niliangalia, Sista."

"Basi andika sifuri. Ndege akiondoka, hiyo sifuri ndiyo barua yake ya kuaga. Wewe umeichana."

Walimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mtaa wetu ilipokelewa na mikono yake, na nusu nyingine ilifokewa naye. Mimi peke yangu nilimwita Dada, na yeye aliniita Pindo, kwa kuwa nashona nguo. Mume wake alifariki, wangu alikwenda zake na afya yake, basi tukahamia pamoja kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Cherehani yangu ikakaa dirishani. Mafaili yake ya ndege yakakaa juu ya kabati la vyombo, yamefungwa kwa bandeji za hospitali, kila mwaka na bandeji yake.

Kituo chake kilikuwa bwawa la pampu, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Ndilo bwawa linalonywesha mtaa mzima: maji yanavutwa na pampu, yanapitia kwenye matangi ya kuchujia, yanatiwa dawa, yanakuja bombani. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dada alikuwa amesimama kwenye ukuta wa bwawa, karibu na jumba la pampu, darubini shingoni, kofia ya sufu kichwani hata kama kuna joto. Miaka tisa hakukosa Jumamosi. Siku ya harusi ya mpwa wetu alihesabu kwanza, akaja kanisani na matope.

Mwaka wa kumi macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho, alisema daktari, na imechelewa kugunduliwa. Hee, nesi mzima! Nilimsema siku hiyo mpaka nikalia. Alikuwa amejua kwa muda mrefu kwamba kuna kitu, akanyamaza, kwa sababu fomu ya mradi ina mstari chini pale mjitolea anapotia saini: *nimeona kwa macho yangu mwenyewe.* Akijulikana haoni, watampa mtu mwingine kituo chake.

"Pindo," akaniambia, ameshika ukingo wa meza yangu ya kukatia, "nitakuwa nakuja na wewe. Wewe utaona, mimi nitasaini."

"Dada, mimi bata simjui na kuku."

"Utajua."

Akanifundisha, na alikuwa mwalimu mkali kuliko fundi aliyenifundisha cherehani. Kundi likiwa kubwa hupigi hesabu ndege mmoja mmoja. Unakata kumi kwa jicho, halafu hiyo kumi unaipanga juu ya kundi mara kwa mara, kama unavyopima kitambaa kwa mkono. Hapo nikawa mtaalamu mara moja, maana kupima kwa jicho ndiyo kazi yangu. Yangeyange, wale weupe wa miguu mirefu, nikawajua. Mnandi, mweusi anayezamia samaki halafu anakaa ametanua mabawa kujianika. Kwarara mwenye mdomo uliopinda na kelele za mtu aliyeibiwa. Mdiria. Bata-maji. Nikawa nataja, naandika, naye anasaini, kidole changu kikimwonyesha mstari. Hakuna aliyejua. Njiani alitembea kwa mazoea na watu wakasema Sista amezeeka tu, anakwenda polepole.

Sitakudanganya, nilianza kuipenda saa ile. Nilikuwa nalalamika, nasema nguo za watu zinanisubiri, lakini Ijumaa nilikuwa naandaa viatu.

Halafu mvua zikakatika, na juu ya bwawa, kwenye kijito kinacholilisha, watu wakafungua karakana ya kuyeyusha betri kuukuu. Hatukuiona. Tuliona moshi wake tu nyuma ya miti, mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa.

Jumamosi ya kwanza nikahesabu yangeyange kumi na mmoja. Wiki iliyopita walikuwa arobaini. Nikarudia, nikakata kumi kwa jicho, ikanibakia mmoja. Nikageuka nimwambie Dada, nikamkuta anatabasamu peke yake. Jioni ya jana yake mratibu wa mradi alikuwa amempigia simu: miaka kumi bila kukosa, hakuna kituo kingine nchi nzima, wanataka kumwandika kwenye jarida lao. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu alipostaafu.

"Yangeyange?" akauliza.

"Arobaini," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, nami nikaliandika. Nilijiambia wiki ijayo watarudi, na hesabu itajirekebisha yenyewe.

Wiki iliyofuata walikuwa sita. Nikasema tena arobaini. Dada akakunja uso. "Arobaini tena? Mungu haumbi ndege kwa makumi, Pindo. Hesabu vizuri." Nikajifanya nahesabu upya, nikahesabu nguzo za uzio. "Arobaini na moja," nikasema, naye akaridhika. Toka siku hiyo nikajua kumdanganya Dada kwa namba zisizo za makumi. Thelathini na saba. Arobaini na tatu. Mnandi kumi na tisa. Loo, nilikuwa hodari! Aibu inanishika mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa hodari.

Mtauliza masikio yake yalikuwa wapi. Pale tulipokuwa tukisimama pampu inanguruma saa zote, na yangeyange si ndege wa makelele. Kwarara ndiye aliyenitia hofu. Siku moja Dada aliinua kidole. "Mbona kwarara simsikii?"

"Wapo upande wa pili, wanakula."

"Wanakula kimya?"

"Dada, nawaona hapa, saba."

Akaelekeza uso majini. Ukingoni maji yalikuwa yameacha mstari wa utando wenye rangi rangi, mzuri kutazama, na hapakuwa na mdudu juu yake hata mmoja. Kwarara hakuwepo hata mmoja. Juu ya mti uliokauka, pale mnandi walipokuwa wakijianika, kulikuwa na matawi matupu.

Nilimkuta wa kwanza aliyekufa kwenye njia ya ukutani. Mnandi, bawa moja limetanuka, jicho lake la kijani bado liko wazi. Dada alikuwa nyuma yangu hatua tatu, fimbo inagonga saruji, ko, ko, ko. Ningesema, "Simama, Dada, kuna ndege amekufa." Maneno matano. Nikamsukuma yule ndege kwa mguu mpaka akaangukia kwenye matete.

"Nini hicho?"

"Jiwe. Nisije nikakuona chini."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya cherehani, uzi unalikosa tundu la sindano. Mimi si msomi, lakini si mjinga pia. Nilijua wanyama hawafi hivihivi. Nilichemsha maji ya bomba nikayaonja, yakaniachia ladha kama mtu ameng'ata kijiko. Labda ni hofu yangu, nikajiambia. Labda ni meno. Lakini kesho yake nilichukua madumu mawili nikaenda kisima cha nyuma ya soko, kule mbali, nikajaza ndoo yetu ya kunywea. Nikafanya hivyo kila baada ya siku mbili. Dada alidhani nimekwenda kununua vifungo.

Naomba mlielewe hili kama lilivyo, kwa sababu silipambi. Nilikuwa na hofu ya kutosha kubadilisha maji ya nyumba yangu. Sikuwa na hofu ya kutosha kufungua mdomo. Ningewaambia watu nini? Kwamba ndege hawapo? Wangeniuliza nimejuaje, wakati fomu ya Sista inasema wapo. Na fomu ya Sista niliiandika mimi. Ningemtaja yeye kuwa haoni, na mimi kuwa mwongo, na miaka yake kumi ikawa takataka mbele ya yule mwalimu wa sekondari. Kila Jumamosi nilikwenda nimejikaza kisabuni nikisema leo nitamwambia. Kila Jumamosi nikataja namba.

Mtaa ukaanza kulalamika tumbo. Kwanza watoto, maumivu yanayokuja na kuondoka, halafu uchovu. Wakubwa wakasema kichwa. Jirani yetu wa mlango wa tatu, tuliyemwita mama pacha, alikuwa na wasichana wawili wa mwaka mmoja na nusu waliozaliwa kwa mikono ya Dada, siku ambayo gari la wagonjwa halikufika. Mmoja wao, yule aliyekuwa ameanza kutembea, akaacha kutembea. Alikuwa anakaa tu kwenye mkeka, anatazama vidole vyake. Dada alimpapasa mwili mzima kwa mikono, akainamisha kichwa. "Mpeleke hospitali ya wilaya, wampime damu," akamwambia mama yake. "Usingoje." Mama pacha akaandikiwa kurudi baada ya wiki mbili, maana kipimo kile hakipo pale.

Mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mdogo wa ofisi yake, ule wenye viti vya plastiki na kalenda ya mwaka juzi. Walikuja watu kama hamsini. Fundi wa pampu akaeleza kwamba dawa anatia kama kawaida, kipimo anacho, na rangi inatoka ile ile inayotakiwa. Alikuwa mtu mwaminifu na alisema kweli. Kipimo chake ni cha dawa, hakipimi kingine.

"Mimi nasema ni ile karakana ya betri," akasema dereva mmoja kutoka nyuma. "Tuyaache maji haya mpaka yapimwe."

"Tuyaache tunywe nini?" mtu akamjibu. "Kisima cha sokoni utakwenda wewe, na mgongo wako?"

Watu wakacheka, lakini si sana. Mwenyekiti akanyoosha mkono kuelekea mbele, alikokaa Dada karibu nami, mikono juu ya fimbo. "Hebu kwanza. Sista, wewe upo kule bwawani kila wiki. Tuambie. Ndege wako wanasemaje?"

Nilimshika Dada mkono nikamwambia kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani. Sijisikii vizuri." Akaniondoa mkono kwa upole, akasimama. Alikuwa amevaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe.

"Nimefanya kazi na maji na damu na watoto wenu," akasema. "Siwezi kuwaambia maji yana nini, sina mashine. Lakini hili nalijua. Maji yakiingia sumu, ndege wa maji ndio wa kwanza. Wanakula samaki, wanakula konokono, wanalala pale. Wangekwisha kufa au wangeondoka." Akageuza uso huku na huku kama anayewatazama. "Jana nilihesabu yangeyange arobaini na moja. Mnandi kumi na saba. Kwarara saba. Ni wale wale wa mwaka jana. Sasa utafuteni huo ugonjwa kwingine, muwapeleke watoto hospitali, lakini bwawa msilisingizie."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Niliisikia. Mtu alisema, "Asante, Sista." Dereva akakaa. Mwenyekiti akaanza kuandika kwenye daftari lake, na mama pacha, aliyekuwa mstari wa pili, akacheka kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. "Afadhali," akasema. "Mimi siku mbili hizi nawapa kidogokidogo kwa woga, wamekauka midomo." Akafungua kizibo cha chupa yao ya maji ya bomba, akamwinua yule msichana aliyeacha kutembea, akamwelekezea chupa mdomoni.

"Usimpe!"

Sikuijua sauti ile kuwa yangu mpaka nilipoona watu wote wamegeuka.

"Usimpe hayo maji. Hakuna ndege. Hakuna hata mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, Dada haoni, ni mwaka na zaidi haoni, mimi ndiye ninayetaja na mimi ndiye ninayeandika, na nimeandika uongo. Wamekufa. Nimewaona wamekufa."

Mama pacha alikuwa bado ameshika chupa hewani, mtoto ananyoosha mikono kuifuata. Dada aligeuka kunitazama na akatazama kushoto, mahali ambapo sikuwepo, na hapo kila mtu ndani ya ukumbi ule akajua kwamba nasema kweli.

"Pindo," akaita taratibu, huko kushoto. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

Alihesabu. Niliona midomo yake inatembea, Jumamosi moja baada ya nyingine. "Kumi na saba," akasema.

"Ndiyo, Dada."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Aliketi polepole, akakosa kiti kidogo, mwenyekiti akamdaka kwapani. Uso wake ulikuwa umekwisha. Akaweka fimbo chini, akawageukia watu, akasema kwa ile sauti yake ya wodini, "Maji ya bomba yasinywewe tena kuanzia sasa. Wala yasichemshwe, kuchemsha hakusaidii. Mwenyekiti, mpigie simu bwana afya wa wilaya sasa hivi, mwambie kituo cha bwawa la pampu ni sifuri. Ndege wote sifuri. Mwambie Sista ndiye anayesema, na kwamba fomu zangu zote za tangu mvua zilipokatika asiziamini."

Watu wakaanza kusimama, viti vinakwaruza sakafu, kila mmoja anamwita mtoto wake. Lakini mama pacha hakusimama. Alikuwa amefunga kizibo na kuiweka chupa chini ya kiti, mbali, kama kitu kinachoweza kuruka. Hakunitazama mimi. Alimtazama Dada.

"Sista," akasema, "pole. Na wewe umekuwa ukiyanywa miezi yote hii na macho yako hayo."

"Nimeyanywa, mwanangu," Dada akasema. "Tumeyanywa wote, kama nyinyi. Nyumba yetu ina bomba lile lile."

Ukumbi ulikuwa na kelele na mngeweza kudhani hakuna aliyesikia. Ningeweza kuliacha lipite, naye asingejua kamwe, maana mwenye kujaza ile ndoo nilikuwa mimi. Dada alinyoosha mkono hewani akinitafuta, na mkono ule ulikuwa unanitafuta kunifariji. Nikaushika.

"Hapana, Dada," nikasema, na mama pacha akanigeukia. "Sisi hatukuyanywa."